Mfuko wa Ndani

Mimi ndimi niliyemshonea Barke Shebwana mabuibui yake yote,
tangu akiwa karani wa zamu ya usiku
katika wodi ya wazazi.
Wengine wamjua kwa hotuba.
Mimi namjua kwa futi.

Kitambaa cha kwanza alikileta
siku ya tatu baada ya Mwanate kufariki:
boti ya wagonjwa imefungwa gatini Faza,
mafuta hakuna, ufunguo uko kwa mtu,
mtu yuko harusini.
Barke ndiye aliyeandika daftarini.
Mama, saa tisa na robo usiku.
Mtoto, hakuna saa.

"Nitilie mfuko kwa ndani," akaniambia,
"ukae ubavuni, uchukue karatasi iliyokunjwa mara nne."
Karatasi gani?
"Risiti ya mafuta. Niwaonyeshe boti hii imejazwa mara ngapi kwa kalamu
na mara ngapi kwa pipa."

Chama kikamteua. Hakuchaguliwa, aliteuliwa,
na mui haukumwacha asahau.
Ua la mezani, walimwita, halina mizizi.
Miaka mitano alikaa kiti cha nyuma, chini ya feni bovu,
akiuliza swali lile lile:
mafuta ya boti, Mheshimiwa Spika. Mafuta.
Kumbukumbu za bunge zipo, kasome;
zitakutoa machozi, au usingizi.

Mwaka wa kura alikuja na kitambaa kizito.
"Mifuko miwili, Somoe. Mmoja wa shida za watu."
Nikamshonea. Ukajaa kabla ya magharibi:
karo, sanda, mtungi wa gesi,
kijana wa fulani kanyimwa kitambulisho,
bibi wa fulani ataka miwani, tena ya rangi.
Akawa arudi nyumbani bega moja limeshuka.

Alishinda kwa kura mia mbili na sita.
Mumewe, Athmani Kupi, akapika biriani kwa mkono wake,
akaiunguza, tukaila.

Na boti ikapata mafuta.
Mtoto wa kwanza kuzaliwa humo, akalia, akanyonya,
alipewa jina la nahodha.
Barke alicheka hata akakaa chini.

Sasa nitasema hili, maana mwenyewe hulisema.
Ililetwa hoja ya viwanja, huko bara,
mahali watu walipokuwa wakilima ufuta.
Akainua mkono. Mkono ule ule.
Mwezi haukuisha, sebule yake ikatandikwa marumaru
nyeupe, zenye maua ya buluu.
Akaja kwangu na buibui mkononi:
"Mfuko umechanika, fundi."

Nikautazama. Haukuchanika.
Ulifumuliwa, uzi kwa uzi, kwa ncha ya wembe.
Nikashona. Sikuuliza.
Fundi mdadisi hukimbiwa na wateja,
nami nilikuwa na deni la cherehani.
Basi nami nimo katika marumaru zile,
kona moja hivi, karibu na mlango.

Mara ya tatu akashindwa kwa kura kumi na saba.
Wale wa ufuta ni wengi kuliko hao;
yeye ndiye aliyenihesabia, jina kwa jina,
kidole juu ya meza yangu ya kukatia.
Mawakili walimfuata na mafaili.
"Kesi ya nini," akasema, "hesabu ni sahihi."

Jana alikuja. Kitambaa chepesi, cha mtu wa nyumbani.
Ameniachia buibui kuukuu la kupimia,
lile la kwanza, limepauka kama jivu.
Ubavuni mkono wangu ukagusa kitu:
karatasi, imekunjwa mara nne,
wino wote umekwenda, mikunjo tu imebaki.

Nikampa. Akaikunjua, akaitazama
kama mtu asomaye.
Akaikunja tena.

Nitie mfuko au nisitie?
Alikawia kujibu. Nje kijana alikuwa akibishana na punda.
"Tia," akasema. "Mdogo.
Mkono umezoea kuwa na pa kwenda."

Nimempima. Kiuno kimepungua inchi mbili.
Bega la kushoto bado liko chini;
nitakata upande ule mrefu kidogo,
asijue mtu.